“Nyimbo za Liongo”: Ni “za” gani hiyo?

Mashabiki wa muziki hawana dogo. Mtunzi akishadumu katika fani miaka mingi, huanza kumpigia hesabu. Huu ndio uliokuwa wimbo wake mkali, ule ulikuwa wa kujaza kanda tu. Hapa alikuwa amekolea, pale alikuwa ameishiwa. Lugha yetu ina msamiati mzima wa hesabu hiyo: wimbo hushiba, hukolea, hupwaya, hupooza, mtunzi huvuma, kisha huchuja kama kanga iliyofuliwa mara nyingi. Vijana nao wana yao: kibao kinabamba au hakibambi, basi.

Leo nataka tuutazame ubishi wa namna hiyo kuhusu mtunzi mkongwe kuliko wote tulio nao pwani, Fumo Liongo, ambaye wengine humwandika Liyongo. Ni mtu wa upande wa Shaka, Ozi na Kipini, kule Mto Tana unakokutana na bahari, na wenyeji wa huko huonyesha mahali wanapoamini kuwa ndipo alipozikwa. Hana kanda, hana albamu, na wataalamu hawajaafikiana hata karne aliyoishi: wapo wanaomweka kabla ya karne ya 13, wapo wanaomsogeza hadi ya 16 au ya 17. Pamoja na hayo, mashabiki anao, nao hubishana kweli kweli.

Hoja yangu ni kwamba sehemu kubwa ya ubishi huo haihusu muziki wala ushairi. Inahusu sarufi. Tunaposema “nyimbo za Liongo”, ile silabi ndogo “za” hubeba maana tatu au nne kwa pamoja, na kila mbishi huchukua moja na kudhani mwenzake anayo hiyo hiyo.

Ubishi wenyewe

Niliwahi kuusikia ubishi huu Garsen, kwenye meza ya chai, watu wakisubiri magari ya kwenda Lamu. Mmoja alishikilia kuwa wimbo wa uta, ule unaousifu upinde wa shujaa, ndio kilele. “Huo ndio wimbo, bwana. Hayo mengine ya karamu na manukato ni kuhesabu vyombo tu.” Mwenzake, kijana aliyeonekana kuwa ametoka shule si zamani, akamjibu kwa adabu: “Mzee, heshima yako. Lakini utenzi ule mrefu wa Liongo ndio tuliofunzwa sisi, na ndio mkubwa kuliko zote.” Wa tatu, aliyejitambulisha kuwa mtu wa Ozi, akawakata wote wawili: wimbo wa kweli ni ule wa kifungoni, alioutuma kwa mama yake, na zilizobaki “wamemtilia tu mdomoni.”

Kila mmoja alikuwa na hoja. Tatizo ni kwamba hawakuwa wakizungumzia kitu kimoja. Wa kwanza alikuwa na maana ya nyimbo ambazo Liongo alizitunga. Wa pili alikuwa akitaja utungo unaomhusu Liongo, uliotungwa na mtu mwingine kabisa. Wa tatu alitaja wimbo ambao Liongo anauimba ndani ya hadithi yake. Ni vitu vitatu mbalimbali, vikiwa chini ya “za” moja.

A-unganifu na mizigo yake

Walimu wa sarufi huiita a-unganifu: wa, ya, cha, za, la, kwa kadiri ya ngeli. Kazi yake ni kuunganisha nomino mbili, lakini haisemi zimeunganishwa kwa namna gani. Chukua mfano uliozoeleka wa “picha ya mama”. Ni picha inayomwonyesha mama? Ni picha aliyoipiga au kuichora mama? Au ni mali ya mama, ingawa iliyomo ni sura ya mjomba? Sarufi inakubali zote tatu. Muktadha ndio unaoamua, na muktadha ukikosekana tunabahatisha.

Katika fasihi yetu ya kale kubahatisha huko kuna gharama, kwa sababu mada za tungo nyingi zimejengwa kwa “wa”. Tazama “Utenzi wa Mwana Kupona”. Hapa “wa” ni ya utunzi. Mwana Kupona binti Mshamu ndiye aliyeutunga, mnamo 1858, kumwusia binti yake. Kisha tazama “Utenzi wa Tambuka”, wa mwaka 1728. Tambuka si mtu wala hakutunga chochote. Ni Tabuk, mahali palipohusishwa na vita anavyovisimulia mtunzi, Mwengo. Hapa “wa” ni ya mada.

Sasa njoo kwenye “Utenzi wa Fumo Liyongo”. Ni “wa” ya aina gani? Ni ya mada, sawa na ile ya Tambuka. Aliyeutunga ni Muhammad Kijumwa wa Lamu, ambaye pia huitwa Kijuma, mtu aliyekuwa mchongaji, mwandishi wa hati, mwanamuziki na mtunzi. Aliutunga mwaka 1913. Ukachapishwa Dar es Salaam mwaka 1973 na Chuo cha Uchunguzi wa Lugha ya Kiswahili, mhariri akiwa Abdilatif Abdalla. Liongo ni mhusika humo, si mtunzi.

Mtu akichukua kitabu cha M. M. Mulokozi kiitwacho Tenzi Tatu za Kale, cha mwaka 1999, ataukuta utenzi wa Fumo Liyongo na wa Mwana Kupona chini ya jalada moja. Mada za tungo hizo mbili zinafanana kwa sarufi, jina la mtu likitanguliwa na “wa”. Msomaji asipofungua utangulizi, ana haki yote ya kudhani kuwa kama vile Mwana Kupona alivyotunga wa kwake, Liongo naye alitunga wa kwake. Yule kijana wa Garsen hakuwa mjinga. Alipotoshwa na a-unganifu.

Matokeo yake ni makubwa kuliko yanavyoonekana. Anayeusifu utenzi wa 1913 akidhani anamsifu Liongo, anamnyang’anya Kijumwa sifa yake. Anayeukosoa kwamba umekwenda mbio mahali fulani, anamtwika Liongo lawama isiyo yake. Na anayelinganisha mizani zake nane kwa kila mstari na ule mwendo mrefu wa nyimbo za gungu, kisha akasema “Liongo alibadilika uzeeni”, amejenga nyumba juu ya mchanga.

“Za” ya utunzi: alizozitunga nani?

Tuchukue maana ya kwanza: nyimbo zinazodhaniwa kuwa Liongo alizitunga mwenyewe. Hizi ndizo zinazogawanywa na mashabiki kuwa za kilele na za bondeni.

Nyingi huitwa tumbuizo. Mtu hutumbuiza ili kuliwaza, kupoza moyo, kuchangamsha hadhira, na utumbuizo ni utungo wa kazi hiyo. Umbo lake si la beti nne nne kama shairi tulilolizoea. Mistari ni mirefu, huenda mfululizo, na kina kimoja cha mwisho huweza kushikiliwa tangu mwanzo hadi tamati. Ziliimbwa katika ngoma ya gungu, ngoma ya harusi na ya watu wenye hadhi. Kwa hiyo yule mzee aliyelalamika kuwa baadhi yake ni “kuhesabu vyombo” alikuwa akiuhukumu wimbo wa karamu kwa kipimo cha wimbo wa vita. Katika gungu, kutaja chakula, mavazi, manukato na tambuu kimoja baada ya kingine ndiyo sherehe yenyewe. Msikilizaji hutajiwa ukarimu wa nyumba hiyo mbele ya wageni. Ukiusoma peke yako, kimya, kwenye karatasi, bila ngoma wala siwa, utapooza. Hata wimbo wa harusi wa siku hizi ukiunukuu kwenye daftari unapooza.

Lakini kuna swali gumu zaidi: tunajuaje kuwa ni zake? Mwaka 1870 Edward Steere alichapisha London mkusanyo wa hadithi za Kiswahili alizozipata Unguja, na humo mna hadithi ya Liongo pamoja na utungo unaonasibishwa naye. Utungo huo una umbo la takhmisa. Neno hili linatokana na Kiarabu, khamsa, yaani tano. Kwa kawaida ya takhmisa, mtunzi wa baadaye huchukua mistari miwili ya mtunzi wa kale na kuitangulizia mitatu ya kwake, ubeti ukawa na mistari mitano. Takhmisa ya Liongo hunasibishwa na Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, yule yule wa Al-Inkishafi.

Tafakari maana ya hilo kwa shabiki. Ubeti unaoukariri kwa furaha na kuuita wa Liongo, mistari mitatu kati ya mitano si yake hata kwa mujibu wa mapokeo yenyewe. Kama kilichokukuna ni mmoja wa mistari mitatu ya mwanzo, unampigia makofi mtunzi wa karne nyingine. Takhmisa ni heshima: mtunzi mdogo hupanda kwenye mabega ya mkubwa akisema hadharani kuwa amepanda. Ila ikipita midomoni kwa miaka mingi, mshono hufutika, na kitambaa chote kikaitwa cha mtu mmoja.

Ndiyo maana kundi la wataalamu lililozikusanya nyimbo hizi na kuzichapisha kwa pamoja mjini Köln, Ujerumani, mwaka 2004, chini ya Gudrun Miehe, liliongeza neno moja la tahadhari kwenye mada ya kitabu. Baada ya kuziita nyimbo za Liyongo, waliongeza maelezo kwamba ni tungo *zinazonasibishwa* na Fumo Liyongo. Kunasibisha ni kutaja nasaba, kusema “huyu ni mwana wa fulani” kwa kadiri tulivyopokea. Neno hilo halithibitishi wala halikanushi. Linasema tu kwamba ndivyo watu wanavyosema.

Miongoni mwa waliohusika na kazi hiyo walikuwamo washairi wetu wa pwani ya Kenya, Ahmed Nabhany, Abdilatif Abdalla na Ahmad Nassir Juma Bhalo. Huyu wa mwisho, mwenye diwani ya Malenga wa Mvita iliyotoka 1971, aliijua shida ya “za” kwa mwili wake. Tungo zake kadhaa ziliimbwa na jamaa yake, Mohamed Khamis Juma Bhalo, nguli wa taarab aliyefariki mwaka 2014, na huku mitaani watu huziita “nyimbo za Juma Bhalo”, wakiwa na maana ya mwimbaji. Hawakosei: “za” ya mwimbaji nayo ni sahihi kisarufi. Lakini shabiki akianza kusema kuwa Bhalo aliandika vizuri mwaka huu kuliko ule, lazima umwulize: Bhalo yupi? Aliyetunga au aliyeimba? Kiswahili kina maneno ya kutofautisha. Mtunzi ni anayetunga, kama anavyotunga shanga kwenye uzi. Manju ni anayeongoza kuimba ngomani. Malenga ni bingwa wa kutunga. Tukiyatumia maneno hayo ipasavyo, nusu ya kelele inapungua.

“Za” ya nafsineni: wimbo wa kifungoni

Maana ya tatu ndiyo tamu kuliko zote. Katika hadithi, Liongo amefungwa Pate, mtawala akimwogopa. Mama yake humpelekea chakula kwa mkono wa kijakazi aitwaye Sada, na walinzi hukila kile kizuri, wakamwachia makombo. Basi Liongo anaimba. Katika wimbo huo anamwagiza Sada amwambie mama atengeneze mkate wa makapi na ndani yake atie tupa. Walinzi wanasikia wimbo, hawasikii agizo. Mkate wa makapi unapofika, hawautaki. Kisha Liongo anaomba ngoma ya gungu ipigwe nje, na kwa mshindo wa ngoma na matuasi sauti ya tupa haisikiki. Ikiisha ngoma, minyororo imekatika.

Mashabiki wa ushairi wa mapambo huuona wimbo huo kuwa wa bondeni: mfupi, hauna tashbihi za kung’aa, ni maagizo ya jikoni tu. Mimi niko upande wa yule mtu wa Ozi. Wimbo ule hauhitaji pambo kwa sababu kazi yake ni kujificha. Ungekuwa na mafumbo makubwa, walinzi wangetega sikio. Umevaa nguo za kila siku ndiyo maana umepita mlangoni. Ni fumbo lisiloonekana kuwa fumbo, na hilo ni daraja la juu la ufundi wa lugha.

Lakini je, ni “wa” Liongo? Hapa wanafunzi wetu wa shule za upili wana neno linalofaa, nafsineni, yaani yule anayesikika akisema ndani ya utungo, ambaye si lazima awe mtunzi. Liongo ndiye nafsineni wa wimbo wa kifungoni. Aliyeutunga huenda ni yeye, au msimulizi wa kwanza wa kisa, au wasimulizi mia moja mmoja baada ya mwingine. Wimbo ni sehemu ya mtambo wa hadithi: ukiuondoa, hadithi haiendi. Kwa hiyo kuuliza kama ni “bora kuliko” tumbuizo za gungu ni kama kuuliza kama usukani wa gari ni bora kuliko wimbo unaochezwa redioni humo ndani.

Kishawishi cha mviringo

Maana hizi zikichanganyika, mashabiki huingia kwenye mtego ambao wataalamu pia hawaukwepi. Mtego wenyewe ni huu: wimbo ukiwa mzuri tunasema ni wa Liongo, ukiwa dhaifu tunasema ni wa mwigaji. Tukiulizwa ushahidi kwamba Liongo alikuwa mtunzi bora, tunazitaja zile nzuri. Tukiulizwa kwa nini zile nzuri ni zake, tunasema kwa sababu alikuwa mtunzi bora. Tumezunguka duara zima bila kugusa ardhi.

Si sisi peke yetu. Wahakiki wa Aleksandria ya kale walikuwa wakitia alama pembeni mwa mistari ya Homer waliyoishuku kuwa si yake, na mara nyingine kilichowafanya washuku ni kwamba mstari haukuwapendeza. Waingereza nao kwa muda mrefu walitaka kumwondolea Shakespeare tamthilia ya Titus Andronicus kwa kuwa waliiona chafu mno. Leo wengi wanakubali kuwa aliiandika kwa ushirikiano na George Peele. Jibu halikuwa “ni yake” wala “si yake”, bali kwamba “ya” ile ilikuwa ya watu wawili.

Je, lugha yenyewe haiwezi kutusaidia? Inaweza, ila kwa tahadhari. Tumbuizo hizi zimejaa sura za Kiswahili cha kaskazini: *mato* kwa macho, *ndia* kwa njia, *moya* kwa moja, *zombo* kwa vyombo, pamoja na vitenzi vyenye kile kiishio cha kale cha *-ile*. Msomaji wa Nairobi akikutana na sura hizo hudhani amegusa karne ya 13. La hasha. Kiamu na Kipate zilikuwa lahaja za ushairi, na watunzi wa karne nyingi baadaye waliendelea kuzitumia kwa makusudi. Kijumwa alizitumia 1913. Ukale wa neno si ukale wa utungo.

Kinyume chake pia ni kweli. Msimulizi wa leo husema Liongo alitiwa *gerezani*. Neno gereza lina asili ya Kireno, igreja, yaani kanisa, na Wareno walifika pwani hii mwaka 1498. Mtu mwenye haraka atasema: basi kisa kilizuka baada ya hapo. Hapana. Msimulizi hutumia neno la siku zake. Kila kizazi kilichoimba Liongo kilibadilisha kokoto moja moja, na jengo likabaki lile lile kwa umbo. Kwa hiyo neno la kigeni hutuonyesha mkono wa mwisho uliougusa wimbo, halituonyeshi mkono wa kwanza.

“Zetu” na “zao”

Kuna maana ya nne, na hii ndiyo inayopandisha joto: “za” ya umiliki. Liongo ni wa nani?

Waswahili wa Pate, Lamu, Ozi na Kipini wanamhesabu kuwa wao. Wapokomo nao humhesabu kuwa wao. Alice Werner, aliyechapisha makala yake kuhusu kisa hiki katika miaka ya 1920, alimjua kuwa shujaa wa jamii zote mbili. Hilo halipaswi kutushangaza. Kipokomo na Kiswahili ni ndugu wa tumbo moja katika kundi la lugha za Sabaki, pamoja na Kimijikenda, Kingazija na ndugu zake na Kiilwana, kama walivyoonyesha Derek Nurse na Thomas Hinnebusch katika kitabu chao cha 1993. Watu walioishi kando ya mto mmoja, wakabadilishana mchele, samaki na wake, hawangeshindwa kubadilishana nyimbo.

Lakini tuwe wakweli. Katika kaunti ya Tana River neno “yetu” si neno jepesi. Mwaka 2012 na mwanzoni mwa 2013 watu zaidi ya 100 waliuawa katika mapigano ya delta, ambako malisho, mashamba na maji vilikuwa kiini cha ugomvi. Wimbo si shamba, na sijamsikia mtu akishika panga kwa ajili ya utumbuizo. Hata hivyo, tangu mwaka 2016 Kenya ina sheria inayolinda maarifa ya jadi na sanaa za jamii, na sheria ya namna hiyo hutaka kujua sanaa ni “ya” jamii ipi. Swali la sarufi likifika mbele ya hakimu, halibaki tena la walimu wa Kiswahili.

Tana River hiyo hiyo ina mfano wa “ya” isiyogombaniwa. Mwaka 1963 jopo la watu 5, akina Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi, lilipoandaa wimbo wa taifa, lahani iliyochukuliwa ilikuwa ya bembelezi ambalo akina mama wa Kipokomo huwaimbia watoto. Hatusemi bembelezi hilo ni “la” fulani binti fulani. Ni la Wapokomo, na papo hapo lahani yake ni ya Kenya nzima, inaimbwa kila Jumatatu na Ijumaa kwenye bendera ya shule. Maana hizo mbili hazikugombana kwa sababu hakuna aliyezilazimisha ziwe moja. Nadhani Liongo naye angeweza kukaa hivyo: wa Ozi, wa Pate, wa Wapokomo na wa Kiswahili chote, kila “wa” ikitajwa kwa jina lake.

Nini kifanyike

Sipendekezi watu waache kubishana. Mtunzi asiyebishaniwa amekufa kweli. Liongo, kama hadithi inavyosema, alipiga goti kisimani na uta wake mkononi, na watu wakaogopa kuteka maji siku kadhaa wakidhani yu hai. Ninachopendekeza ni kwamba kabla ya kusema wimbo huu uko juu na ule uko chini, tuivunje “za” kwa kutumia kirejeshi. Kiswahili kinaturuhusu kusema wazi: wimbo *alioutunga* Liongo, wimbo *unaomhusu* Liongo, wimbo *anaouimba* Liongo katika hadithi, wimbo *unaonasibishwa* na Liongo, wimbo *wanaoumiliki* watu wa Ozi. Ni silabi tatu nne zaidi. Hazimchoshi mtu.

Kwa walimu ombi langu ni mahususi. Fumo Liongo anafunzwa madarasani kama mfano wa mighani: nguvu zake, usaliti wa mwanawe, sindano ya shaba kitovuni. Wanafunzi humaliza mtihani wakijua alivyouawa, bila kusikia hata mstari mmoja wa tumbuizo anazonasibishiwa. Tumemfanya shujaa na kumsahau kuwa mtunzi. Mwalimu wa Garsen, Kipini au Hola anayo bahati ambayo wa Nairobi hana: anaweza kuwatuma wanafunzi nyumbani wawaulize babu na bibi kama kuna wimbo wowote “wa Liongo” wanaoujua, kwa Kipokomo au kwa Kiswahili. Wanaporudi na daftari, swali la kwanza la kuwauliza liwe: “wa” hiyo, aliyekuimbia alikuwa na maana gani?